Msimu Tuliosugua Shaba

Jumatatu, 6 Januari

Binti yangu ameniachia kitabu hiki kabla hajapanda basi kurudi kazini kwake. Anasema aliyefiwa akiandika yaliyomo moyoni hupata nafuu. Haya basi, kilichomo moyoni mwangu leo ni joto. Bati la duka linalia ka, ka, ka tangu asubuhi, uzi unanata vidoleni, na kompyuta imezimika mara tatu kabla sijala.

Na ikizimika kompyuta, nimezimika na mimi. Mashine yangu ya kudarizi haina akili yake mwenyewe. Inaongozwa na hiyo kompyuta kuukuu, na programu yake imekataa katakata kukaa kwenye kompyuta nyingine yoyote. Walioitengeneza walishafunga kampuni. Kompyuta yenyewe aliiunga marehemu mume wangu, kipande kwa kipande, kwenye meza ya jikoni, mwaka tuliofungua duka. Kazi yake ilikuwa kuchonga maandishi kwenye chuma: vikombe vya ushindi, vibao vya milangoni, pete za ndoa. Akikosa kazi za watu alichonga za nyumbani. Vijiko, kufuli, mkasi, mpaka sufuria, vyote vimeandikwa Kidoti, na mwisho wa jina tundu moja dogo la kugonga kwa nyundo. Kidoti ni mimi, kwa sababu ya alama nyeusi niliyo nayo chini ya jicho. Nilikuwa namwambia mwizi akituibia sufuria itabidi abadilishe jina.

Jumanne, 7 Januari

Joto. Imezimika mara mbili.

Alhamisi, 9 Januari

Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani amekuja na kazi. Anataka beji za sare za shule nzima, zile zile za kitabu na jani, na anazitaka kabla mwezi wa pili haujaisha. Jani lile alilichora marehemu. Siku alipolipeleka, mwalimu alisema limepinda, naye akamwuliza kama ameshawahi kuona jani lililonyooka. Leo mwalimu amenikumbusha hilo, tukacheka mpaka yeye akafuta miwani. Nikakubali kazi kabla sijafikiri.

Binti alipopiga simu nikamwambia. Yeye anataka niuze mashine nikaishi kwake, kwa sababu ananiona nakaa dukani peke yangu nikiongea na vitu. Simlaumu, kweli naongea navyo. Tumekubaliana hivi: beji zikiisha kwa wakati, hataniambia tena habari ya kuhama. Zikishindikana nafunga duka, nauza mashine, naenda. Nimeahidi, na mimi si mtu wa kula maneno yangu.

Jumamosi, 11 Januari

Fundi wa kompyuta amekuja. Kijana mpole, amepuliza vumbi la kutosha kupandia maharage. Amebadilisha feni.

Jumatatu, 13 Januari

Feni mpya inavuma kama nyigu waliochokozwa. Kompyuta imezimika vile vile. Fundi anasema tatizo litakuwa chini ya hitisinki, ile shaba yenye mapezi inayokaa juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kunyonya joto lake. Mimi naiita kitana, maana ndivyo ilivyo. Ametafuta nyingine, ya aina hiyo haiuzwi tena. Akasema hii ya kwetu pengine haijalala sawasawa, inahitaji kusuguliwa iwe bapa kabisa, na kazi hiyo yeye hana mikono yake. Angalau amesema ukweli.

Jumatano, 15 Januari

Sasa naanza kazi alfajiri, kukiwa bado na ubaridi kidogo. Napata beji chache, jua likifika juu ya bati inazimika. Nakaa namwangalia mtu wa ng'ambo ya barabara akiimwagia lami maji mbele ya duka lake. Marehemu angekuwepo angeshamwita aje amwagie na huku.

Kila mwanzo wa msimu wa joto alikuwa na desturi. Anasema, "Nampeleka mgonjwa kliniki," anafunga mlango wa nyuma, anajifungia na kompyuta. Akitoka vidole ni vyeupe kwa ile dawa ya kupaka juu ya prosesa. Nikitaka kuona ananifukuza kwa mgongo wa mkono. Nilidhani ni mambo ya wanaume na vifaa vyao. Mwaka huu mgonjwa hakupelekwa kliniki, na sikukumbuka mpaka leo.

Jumapili, 19 Januari

Shemeji amekuja kunijulia hali. Ni kaka mkubwa wa marehemu, fundi mitambo, maisha yake yote ameyamaliza karakanani mpaka alipostaafu. Anatembea na rula ya chuma mfukoni mwa shati, na hawezi kukaa mahali bila kupima kitu. Leo ameipima meza yangu ya kukatia akanipa pole, eti ina kilema. Marehemu ndiye aliyembatiza Bwana Rula, lakini kwa mapenzi. Mimi jina hilo nalitumia bila mapenzi.

Niandike, si ndiyo kazi ya kitabu hiki? Siku ya mazishi, watu wanalia, mtu huyu alitoa rula yake akaisimamisha juu ya kifuniko cha jeneza, akainama kuangalia mwanga unapopita. Hakutoa chozi hata moja. Nikasema moyoni, huyu hana damu, ana mafuta ya mashine. Tangu siku hiyo nikimpikia chai naisahau sukari kwa makusudi.

Ameniuliza kompyuta ina nini. Nimemwambia ni joto tu.

Jumanne, 21 Januari

Amerudi bila kuitwa, na kioo kinene kimefungwa kwa gazeti, na misasa ya maji ya kila namna, kuanzia inayokwaruza kama ulimi wa paka mpaka laini ambayo huwezi kuisikia. Kumbe amekutana na fundi wa kompyuta njiani.

Amenieleza, na kusema kweli ameeleza vizuri. Nyuso mbili za chuma unaweza kuziona zimegusana kumbe zimegusana kwenye vilima tu. Mabonde yote ni hewa, na hewa ni blanketi. Prosesa inaungua ndani ya blanketi hilo. Dawa inajaza mabonde, lakini dawa ikikauka umerudi pale pale. Ukisugua nyuso zote mbili juu ya kioo, zikawa bapa, zitakutana zenyewe.

Akafungua kompyuta, akanipa mgongo, akakichomoa kitana. Nikasikia kitambaa kinafuta. Halafu nikaona mgongo wake umetulia. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Hii haisuguliki, shemeji." Akapaka dawa mpya, akafunga, akakusanya kioo chake na misasa yake, akaondoka bila hata kunywa ile chai isiyo na sukari.

Ijumaa, 24 Januari

Dawa mpya imeshika. Siku nzima bila kuzimika. Nimeimba.

Jumanne, 28 Januari

Bado inakwenda. Nusu ya kazi iko kwenye sanduku. Nimemwandalia Shemeji shukrani moyoni, fupi.

Jumamosi, 1 Februari

Shukrani naiondoa. Leo joto limekuwa la kuoka mkate, kompyuta imezimika katikati ya jani, sindano imebaki imezama kitambaani. Nikaiwasha, ikazimika. Nikaiwasha, ikazimika. Jioni mpaka nimeipepea kwa kifuniko cha sufuria, mtu mzima mimi.

Jumatatu, 3 Februari

Nimempigia Shemeji simu nikamwomba aje asugue. Akasema haiwezekani. Nikamwuliza haiwezekani kwa nini, shaba si shaba? Nikamwambia kama hataki kunisaidia aseme, asijifiche nyuma ya rula. Nikamwambia na ya jeneza, yote niliyokuwa nimeyaweka. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema tu, "Sawa, shemeji," na simu ikakatika, nafikiri niliikata mimi.

Jumanne, 4 Februari

Nimefungua mwenyewe.

Nilisema, mtu ninayetunga uzi kwenye sindano bila miwani nitashindwa na skrubu nne? Nilizifungua moja moja nikazipanga kwenye kisosi kwa mpangilio wake. Kitana hakikutaka kutoka, nikakizungusha taratibu kushoto na kulia mpaka kikaachia. Nikakigeuza. Upande wa chini, ule unaokaa juu ya prosesa, umejaa dawa nyeupe. Nikachukua kitambaa nikafuta.

Kidoti.

Ndivyo ilivyoandikwa, kwa mkono wake, ile K yenye mguu mrefu na tundu la mwisho. Katikati kabisa ya shaba, mahali ambapo hakuna jicho la mtu ambalo lingefika. Nilikaa sakafuni. Nililia kama ambavyo sikulia mwaka jana, maana mwaka jana watu walikuwa wengi na kila mmoja alinishika bega. Leo hakukuwa na wa kunishika, nikalia mpaka nikashiba.

Halafu nikapitisha kidole juu ya jina, na kidole kikanieleza kilichobaki. Shaba ni laini. Patasi ikipita inaisukuma pembeni, na pembeni inanyanyuka. Kila herufi ina kingo, na kitana miaka yote kimekuwa kikisimama juu ya kingo hizo, hakijawahi kulala. Ndiyo maana ya kliniki. Ndiyo maana ya vidole vyeupe na kufukuzwa kwa mgongo wa mkono. Alijua. Kila msimu wa joto alijua kilichokuwa kinaiunguza, na badala ya kuchukua msasa akafuta siku moja yakaisha, yeye alifungua, akapaka dawa, akafunga. Mjinga wangu. Mjinga wangu wa pekee.

Na Shemeji aliona.

Jumatano, 5 Februari

Sikufungua duka.

Alhamisi, 6 Februari

Nimekwenda kwa Shemeji. Nilibeba kitana kwenye mkoba, nimekiviringisha ndani ya kitambaa cha beji. Nyumba yake imenyooka kama alivyo, viatu mlangoni vimepangwa mstari mmoja. Mimi ndiye niliyeweka maji jikoni, nikatia sukari vijiko vitatu, akanywa, akakiangalia kikombe, akanywa tena.

Nikaiweka shaba mezani. Akaiangalia, akageuza macho dirishani. Akasema yeye na mdogo wake walikuwa wakibishana hilo tangu ujana. Kwa marehemu uso wa chuma ulikuwa wa kuandikia. Kwake yeye ni wa kukutana na uso mwingine. "Ni mdogo wangu tu angeweza kuandika hapo," akasema. "Fundi mwingine yeyote duniani angejua pasiandikwe." Halafu akasema hakuweza. Siku ile alikuwa ameshalowesha msasa, akafuta dawa, akauona mkono wa mdogo wake, akashindwa. Akaona heri nimwone mbaya.

Ya jeneza aliieleza mwenyewe, sikuuliza tena. Kifuniko kilikuwa kinacheza upande wa kichwani. Alimwita seremala pembeni akakirekebisha. "Sikutaka alale chini ya kitu kinachocheza," akasema. Mwaka mzima nimemnyima mtu huyu sukari.

Akajaribu kunifariji, akaniambia majina mengine ninayo nyumbani, kwenye vijiko, kwenye mkasi. Nikamwambia yale aliyachonga watu wayaone, na mimi na yeye tucheke pamoja. Hili alijichongea yeye. Akasema basi tuliache, duka life. Nikamwambia hapana. Ana misasa, aje Jumamosi.

Jumamosi, 8 Februari

Amekuja asubuhi na mapema. Akakagua meza zote akachagua ya jikoni, ile ile iliyounganishiwa kompyuta. Akalaza kioo, akapima kwa rula huku na huku, akatia kipande cha karatasi chini ya pembe moja, akapima tena. Akalowesha msasa wa kukwaruza ukashika kioo. Akachora shaba nzima kwa kalamu ya wino mweusi, jina likazama kwenye weusi, akaniambia wino utakapobaki ndipo penye bonde, utakapofutika ndipo penye kilima. Halafu akanyoosha mkono kukichukua kitana, akaurudisha.

Nikasema, "Nipe mimi."

Usikandamize, akanielekeza. Uzito wake wenyewe unatosha. Nenda mbele, rudi, mbele, rudi, halafu igeuze robo, uende tena, usije ukauzoesha upande mmoja. Ni kama kupiga pasi hariri, nikaizoea upesi. Sauti yake mwanzoni ilikuwa mbaya, ya kukwaruza, meno yakaniuma. Maji yakawa ya rangi ya chai. Mikono yangu ikanuka kama sarafu.

Nilipoigeuza mara ya kwanza wino ulikuwa umefutika sehemu moja tu, kandokando ya herufi. Jina lote limezungukwa na mstari mwembamba unaong'aa. Shemeji akachora wino upya. Nikaendelea. Kila nikigeuza jina linakuwa jembamba, kama mtu anayeongea huku anaondoka. Mguu mrefu wa K ukakatika katikati. Ile D ikafunguka tumbo. Nilikuwa namwambia yule mgonjwa wa kliniki, moyoni nadhani, lakini Shemeji anasema nilikuwa nasema kwa sauti: umekula dawa za kutosha, mzee wangu, sasa lala. Sikulia. Jasho lilinitosha.

Shemeji akapokea zamu, mimi nikatia maji. Yeye anasugua bila kuangalia mikono yake, na alipokuwa anasugua akanihadithia jinsi marehemu, wakiwa wadogo, alivyochonga jina lake kwenye kijiko cha mama yao, akachapwa, kesho yake akachonga jina la mama. Hadithi hii sikuwahi kuisikia. Miaka yote ya ndoa, na bado kuna kitu cha mume wangu kipya kwangu. Nilimwambia airudie, akairudia.

Mchana herufi ya mwisho ikaisha. Wino sasa unafutika sawasawa uso mzima, isipokuwa mahali pamoja. Lile tundu. Aliligonga kwa nyundo kweli kweli, limekwenda chini kuliko herufi. Shemeji akachukua rula, akaisimamisha kwa ubavu juu ya shaba, akainama kuangalia mwanga, kama siku ile. Haukupita. Nikamwuliza tundu tulifanyeje, tusugue mpaka liishe? Nilikuwa tayari, mikono ilikuwa imeshazoea.

Akaweka rula mezani.

"Shimo halina neno, shemeji. Kinachotenganisha ni kilichonyanyuka."

Jumapili, 9 Februari

Leo zamu ya prosesa, na hii ndiyo iliyotutoa roho. Tumboni ina miguu mingi myembamba kuliko pini za kushonea. Shemeji akaichomeka kwenye sponji miguu isije ikapinda, akasugua kifuniko chake kwa pumzi za mtu anayebeba mtoto mchanga aliyelala. Katikati palikuwa na bonde, wino ulikataa kutoka mpaka mchana. Alipoichomoa kwenye sponji, mguu mmoja ulikuwa umelala. Akanitazama, mzee mzima, kama mtu aliyevunja sahani ya ugenini. Nikachukua sindano yangu namba ndogo, nikaupitishia chini, nikauinua kidogo, nikapumzika, nikauinua tena. Ukasimama. Akasema karakanani wangeniajiri.

Mimi nilitaka tuendelee kung'arisha mpaka tujione. Akakataa. Kung'aa si kunyooka, akasema, na watu wengi wameharibu kazi nzuri kwa kutaka ing'ae. Tukaweka dawa kidogo, punje ya mchele tu. Tukafunga. Kabla sijafunga niliweka ncha ya kidole kwenye tundu. Linatosha ncha ya kidole changu kidogo, labda na hapo nasema uongo, ni dogo zaidi.

Jumatatu, 10 Februari

Jua lote, bati lote, mchana wote. Haikuzimika. Nimesimama mbele ya mashine nikihesabu majani kama mtu anayehesabu watoto wakitoka shule.

Alhamisi, 13 Februari

Inakwenda.

Jumanne, 18 Februari

Inakwenda. Feni yenyewe imepunguza kelele, ule uchokozi umeisha. Shemeji amekuja, amekunywa chai, amepima meza ya kukatia tena na mara hii nimemwachia atie kipande cha mbao chini ya mguu. Kweli ilikuwa na kilema. Sijamwambia.

Alhamisi, 27 Februari

Beji zimekwenda shuleni. Mwalimu Mkuu alichukua moja akaipeleka dirishani, akasema jani bado limepinda. Nikamwambia na litabaki limepinda.

Binti amepiga simu. Nikamwambia zimeisha. Alinipa hongera kwa sauti ya chini, nikajua anafurahi na anasikitika kwa pamoja, kwa hiyo nikamwambia nitakwenda kwake likizo, nikae mpaka anichoke. Akauliza Bwana Rula anaendeleaje. Nikamwambia mwite baba yako mkubwa, ana jina la heshima huyo.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Imeanza alfajiri, bila upepo. Mtu wa ng'ambo amesimama mlangoni na ndoo yake mkononi, hana la kumwagia. Ubaridi umeingia mpaka kwenye uzi.

Katika siku kama hizi kompyuta ingekwenda hata bila kusuguliwa, najua. Ingekwenda na jina lile tumboni mpaka joto lirudi. Nimelifikiria hilo asubuhi yote, nikilisikiliza bati. Sijutii. Kidogo najutia. Halafu mashine inaanza jani jingine na ninakumbuka mikono ya marehemu ilivyokuwa ikinuka, ile harufu ya sarafu, na kumbe ni harufu ya shaba tu, na sasa ninayo na mimi.

Shemeji anasema nyuso zile zimekutana, dawa haitahitaji kubadilishwa kwa miaka mingi. Msimu ujao wa joto nitafunga mlango wa nyuma, nitafungua skrubu nne, nitakichomoa kitana nifute, niangalie lile tundu. Halafu nitapaka dawa nifunge.